Kutafuta Mababu Katika Daftari za Sensa

Nimeombwa niseme machache juu ya Wamarekani wenye asili ya Afrika wanaotafuta ukoo wao katika sensa za kale.

Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Mwenye kutafuta huanza kwa kuwauliza wazee wa ukoo, kisha hufungua sensa ya 1950. Hiyo iliwekwa wazi mwaka 2022, maana majina hufichwa kwa miaka 72. Kutoka hapo hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi 1900. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa mwaka 1921 huko Washington, basi huruka mpaka 1880, ambayo ndiyo ya kwanza kueleza nani ni mke, nani mtoto, nani mkwe katika nyumba.

Akifika 1870, wengi hukwama. Huo ndio mwaka ambao watu waliokuwa watumwa waliandikwa wote kwa majina kwa mara ya kwanza. Mwaka 1850 na 1860 walikuwa na daftari lao la pekee, chini ya jina la bwana aliyewamiliki: umri, jinsia, rangi. Basi. Mwaka 1860 watu hao walikaribia milioni nne. Mjukuu anayemtafuta bibi yake huona tu "mwanamke, 30", na hawezi kujua kama ndiye.

Tena asidhani kwamba jina la ukoo ni la bwana wa mwisho. Wengine walichukua la bwana wa zamani zaidi, wengine walijichagulia.

Msaada mkubwa unatoka mahali pasipotarajiwa: Freedman's Bank, benki ya akiba iliyoanzishwa 1865 kwa ajili ya walioachwa huru. Ilifungwa 1874, na watu maskini wakapoteza fedha zao. Lakini fomu zilibaki. Ziliuliza mwenye akiba alizaliwa wapi, baba na mama yake ni nani, ndugu zake ni akina nani, na mara nyingine bwana wake alikuwa nani. Akilipata jina hilo, mtafutaji huenda kwenye wasia na orodha za mirathi za familia ya bwana yule. Humo watu waliorodheshwa pamoja na ng'ombe na majembe, ila mara nyingi kwa majina yao.