Nguruwe za baba zetu katika lupango ya majani



Leo nataka kusema nanyi habari ya nguruwe. Katika jamaa nyingi, baba alipata nguruwe kwa babu, na mtoto atazipata kwa baba. Ni mali kweli. Nguruwe inasaidia mahari na masomo ya watoto, na watu wa kazi ya madini kule Likasi na Kolwezi wanataka nyama.

Babu walizilisha katika majani. Desturi ile ni njema, msiiache. Watoto wa nguruwe wanaofungwa siku zote katika kibanda wanakosa damu, sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo. Wanaofukua udongo wanapata chuma humo.

Lakini sikieni vema: kulisha katika majani si kuacha nguruwe zizurure. Babu alikuwa na pori kubwa na jirani wachache. Leo nyumba zimekaribiana, na vijito vingine vinapokea maji machafu ya machimbo. Nguruwe inayozurura inaleta mabaya matatu.

La kwanza, kesi. Inafukua mihogo ya jirani, na malipo yanakula bei yake yote.

La pili, tegu. Nguruwe ikila mavi ya mtu mwenye tegu, nyama yake inapata vilengelenge vyeupe kama punje za mchele. Mtu akila nyama ile mbichi, tegu inakaa tumboni mwake. Na mayai ya tegu yakiingia kinywani kwa mikono michafu, yanaweza kufika kichwani na kuleta kifafa. Wengine wanasema ni uchawi. Si uchawi. Chimbeni choo, naweni mikono, pikeni nyama hata iive kabisa.

La tatu, homa ya nguruwe. Haimshiki mtu, lakini inaweza kumaliza kundi lote kwa siku chache, na dawa ya kuiponya hakuna. Inatoka kwa kupe wa mashimo ya ngiri, kwa nguruwe gonjwa ya jirani, na kwa mabaki ya nyama ya nguruwe.

Basi, fanyeni hivi:

1. Jengeni lupango ya miti ya nguvu, igawanyeni sehemu 3 au 4. Majani yakiisha hapa, hamieni pale.

2. Wekeni kivuli, maji safi na mahali pa matope. Nguruwe haitoki jasho kama mtu. Jua kali linaiua.

3. Majani peke yake hayatoshi. Jioni toeni pumba za mahindi na mihogo iliyopikwa.

4. Shikeni siku ya dume. Mimba ni siku 114: miezi 3, juma 3 na siku 3.

5. Nguruwe mpya ikae peke yake siku 30 mbele ya kuingia kundini.

6. Zikianza kufa, msiuze nyama, msitupe mtoni. Zikeni chini sana, mwiteni munganga wa nyama.

Mtu atasema: baba hakujenga lupango, na nguruwe zake ziliishi. Ni kweli. Lakini homa ikiingia mara moja, kazi ya babu na baba inakwisha katika juma moja, na mtoto hatakuta kitu. Baba alikuachia nguruwe. Wewe umwachie mtoto nguruwe pamoja na lupango.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.