Kuacha Sigara na Kudumu katika Kuacha: Maneno Tuliyowaambia Wakazi wa Kamenge

 

Huenda baadhi yenu mnajiuliza polisi wana nini na sigara. Askari akimsimamisha mtu, mtu hutazamia kuulizwa kitambulisho, si mapafu yake. Hatukuja kumkamata anayevuta, wala kumwaibisha mbele ya majirani. Tumekuja kwa sababu katika kazi yetu ya kuwa karibu na raia tunaingia katika nyumba nyingi, na mara kwa mara ugomvi tunaoitwa kuutuliza huwa umeanzia kwenye fedha ndogo: mia hii imekwenda wapi, chumvi mbona haikununuliwa. Tena tunakutana na watu wanaotaka kuacha, walioacha mara mbili na tatu, na ambao hawakosi nia bali wanakosa mtu wa kuwaambia kinachowangoja siku ya tatu. Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza.

Juu ya madhara hatutakaa sana, kwa kuwa mmeyasikia. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wao wenyewe. Walikaa tu chumba kimoja na avutaye. Katika nyumba zetu za vyumba viwili, jambo hilo si la mbali. Anayevuta pia hupatwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi kuliko asiyevuta, na kifua kikuu hakiulizi kitanda ni cha nani.

Lakini tungependa mlijue jambo la upande wa pili, ambalo husemwa kwa uchache: jinsi mwili unavyofanya haraka kujirudia. Mnajua sote kwamba mtu halali na mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ile hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, monoksidi ya kaboni, ndiyo ile ile iliyomo katika moshi wa sigara, kwa kipimo kidogo lakini kila siku. Mtu akizima sigara yake ya mwisho, ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12 hewa hiyo ya makaa huwa imepungua katika damu hadi kiwango cha kawaida. Katika miezi ya kwanza kikohozi hupungua na pumzi huongezeka. Mnyonzi apandaye njia ya Bugarama atalihisi hilo kabla daktari hajamwambia. Ukitimia mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara huwa imepungua kwa nusu.

Wala asijidanganye mzee kwamba wakati umempita. Huko Uingereza madaktari wenyewe walifuatiliwa tangu mwaka 1951, waliovuta na wasiovuta, kwa zaidi ya nusu karne. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 alijiongezea takriban miaka 10 ya kuishi kuliko aliyeendelea; aliyeacha akiwa na 40 alipata 9; wa 50 alipata 6; na hata yule wa 60 alipata 3. Miaka mitatu ni muda wa kumwona mjukuu akianza shule.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 20 hivi tangu moshi uvutwe. Ubongo ukishazoea zawadi inayokuja upesi hivyo, unapoikosa hulalamika. Mtu huwa mkali, usingizi humpaa, kichwa humuuma, kazi haimkai akilini, njaa humzidi. Malalamiko hayo huwa makali zaidi katika siku tatu za mwanzo, kisha hulegea, na baada ya wiki mbili hadi nne huwa yamekwisha kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana tunasema: anayeacha aiambie nyumba yake kabla. Amwambie mkewe, amwambie kaka yake, amwambie mwenye duka anapofanya kazi, kwamba kuanzia Jumatatu nitakuwa na siku chache mbaya, mnivumilie. Tumeona mume anayeacha kimyakimya akageuka simba ndani ya nyumba, na mke asijue ni kwa nini. Mwisho wake ni mke mwenyewe kumtuma mtoto akamnunulie sigara ili nyumba itulie. Neno moja la mapema lingeliwaokoa wote.

Tena ijulikane kwamba ile hamu inapokuja haikai siku nzima. Huja kama wimbi la Tanganyika, ikapanda, ikashuka, nayo kwa kawaida hupita kwa dakika chache. Kazi ya mtu ni kuzivuka dakika hizo: kunywa maji polepole, kutafuna kipande cha muwa au karanga, kuondoka pale alipokaa, kuongea na mwenzake. Zamu wa usiku, anayekaa peke yake langoni hadi alfajiri, ana shida kuliko wengine, kwa kuwa sigara kwake ilikuwa saa, ilikuwa moto, ilikuwa rafiki. Huyo tunamshauri awe na kitu kingine cha kuupima usiku: chupa ya chai, redio ndogo, mizunguko ya kutembea. Na mwenye kuvuta kila ashikapo chupa, asiende kabare mwezi wa kwanza. Mishikaki ya Kamenge haitahama, itamngoja.

Dawa zipo. Kuna bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna vyenye nikotini kidogo, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Ulizeni katika kituo cha afya au duka la dawa. Asiyevipata au asiyevimudu asikate tamaa, kwa sababu watu wengi sana duniani wameacha bila dawa yoyote. Lakini kuna onyo moja. Mtu anayetibiwa maradhi ya akili, na hapa Kamenge tuna hospitali ya maradhi hayo, amwambie daktari wake kabla ya kuacha, kwa kuwa moshi hubadilisha namna mwili unavyozitumia baadhi ya dawa, na huenda kipimo kikahitaji kurekebishwa. Asiache dawa. Aache sigara, na daktari ajue. Na asidhani mtu kwamba ameacha kwa kuhamia ugoro, kiko cha bibi au shisha. Amebadilisha mlango tu, nyumba ni ile ile.

Tumeulizwa mara nyingi: nia ya kudumu hutoka wapi? Kwa maoni yetu, hofu ya ugonjwa humfanya mtu aanze, lakini ni wachache inaowafikisha mbali. Anaogopa wiki moja, haugui, anaona mzee wa jirani anavuta na ana miaka 80, basi hofu inayeyuka. Sababu inayodumu ni ile mtu anayokutana nayo kila siku. Tazameni mwezi wa Ramadhani. Ndugu zetu Waislamu wanaovuta hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila moshi, siku baada ya siku, na kazi zao wanazifanya. Mwili wa Ramadhani na mwili wa Shawwal ni mmoja, na nikotini haifungi saumu. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikwisha kukata shauri kabla jua halijachomoza, na mtaa mzima uko pamoja naye, hakuna anayempa kiberiti. Wakristo wengine hufanya mfano wa hayo katika Kwaresima. Basi aliyekwisha kuyaweza hayo asituambie kwamba hawezi. Alichokosa ni mtaa, ule mwezi ulipokwisha.

Kwa hiyo tunawaomba msiache mmoja mmoja. Waacheni wanne wa kijiwe kimoja cha pikipiki waanze siku moja. Wenye kikundi cha kuweka akiba wafungue kopo la pembeni. Anayevuta sigara tano tu kwa siku, na huyo hujiita mvutaji mdogo, huvuta 1,825 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya pakiti 91. Bei mnaijua ninyi; zidisheni wenyewe hapo mlipo. Fedha hiyo iwekwe kila jioni mbele ya wenzake, na mwisho wa miezi mitatu inunue kitu kinachoonekana: daftari za watoto, bati, mbuzi. Mtu anayemwona mbuzi wake kila asubuhi hahitaji kukumbushwa kwa nini aliacha.

Na akiteleza? Akivuta moja arusini, wenzake wasimcheke, wala yeye asiseme basi yameharibika yote. Walioacha kabisa, wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja. Swali la kumwuliza ni hili: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, nani alikupa? Majibu hayo ndiyo ramani ya jaribio lijalo. Adui mkubwa ni neno "moja tu", hasa kwa yule aliyekwisha kumaliza miezi sita na kujiona mshindi.

Kuna jambo tunalisema kwa heshima. Wapo kati yenu waliojifunza kuvuta katika miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993, wengine mwaka 1995 mtaa huu ulipobaki bila watu, wengine porini, wengine kambini, wengine wakiwa wamevaa sare. Usiku ule sigara ilizuia njaa na kutuliza mikono. Hatumlaumu mtu kwa kilichomsaidia kuuona mchana. Lakini usiku ule umekwisha, na mtu huyo anapoacha huenda mambo ya zamani yakamrudia: ndoto, hasira, machozi. Hayo yakitokea si ishara kwamba kuacha ni kubaya. Ni ishara kwamba anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na katika Kamenge watu wa namna hiyo wapo, hospitalini na makanisani na misikitini, na hata katika kituo chetu kwa wanaotuamini.

Sasa tuseme yanayotuhusu kwa kazi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2005. Mkataba huo unataka watoto wasiuziwe, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia kuuzwa kwa sigara moja moja, na unataka magendo yapigwe vita. Mjue kwamba magendo na kuacha sigara ni mambo yaliyofungamana. Sigara iliyopita njia za panya, bila kodi, ni rahisi. Na sigara rahisi humrudisha aliyeacha na humwingiza mtoto. Anayebeba katoni usiku kuvuka Rusizi au kwa mtumbwi ziwani anasema anatafuta riziki tu. Sisi tunaona kwamba mzigo wake unashukia mlangoni pa kijana wa miaka 14. Nanyi mnaosafiri, mkumbuke kwamba sheria hubadilika mkishavuka: Tanzania ilipiga shisha marufuku mwaka 2016 na Rwanda mwaka 2017, na Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, hairuhusu sigara kuuzwa kwa aliye chini ya miaka 21.

Akina mama mnaouza kwenye sinia, hatukuja kuimwaga biashara yenu. Tunawaomba jambo moja: mtoto akija na noti akisema "baba amenituma", mrudisheni. Na ninyi akina baba, msimtume. Mtoto anayetumwa sigara akiwa na miaka saba hujua jina la pakiti, hujua bei, hujua namna ya kuishika, na mara nyingi ndiye anayewashiwa kwanza njiani na wakubwa wa kijiweni kwa mzaha. Yeyote asiyeweza kuacha leo anaweza kuanza na hili: aende mwenyewe dukani kwa miguu yake.

Tumekubaliana na wazee wa mitaa kwamba Jumamosi ijayo, baada ya kazi za maendeleo, wanaotaka kuanza pamoja watakutana hapa hapa. Hatutaandika majina yao katika daftari la polisi. Anayependa aje na mmoja wa nyumbani mwake, ili naye asikie habari za zile siku tatu. Kwa sasa tunabaki uwanjani kwa maswali, na wale wasiopenda kuuliza mbele ya watu watatukuta chini ya mti ule, tukiwa wawili tu.