Gita la Umeme la Kuagiza: Fundi Aanze na Sikio la Mteja



Gita la umeme madukani lipo, tena kwa bei ambayo fundi wa mkono haiwezi. Kwa hiyo mtu wa Unguja akitoa arbuni atengenezewe gita lake, anatafuta kitu ambacho kiwanda hakimpi. Mada yangu inasema kitu hicho, kwetu sisi, ni robo sauti.

Tangu Sultani Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, masikio ya Mji wa Unguja yamelelewa kwa maqamu, ngazi za Kiarabu zenye robo sauti. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilichoundwa 1905 kilirithi malezi hayo, na chuo cha muziki cha DCMA kinaendelea kufundisha udi, kanuni na fidla. Shingo ya udi haina freti. Kidole hutua kinapotaka. Gita la kiwandani limekwisha kuamua: oktavu vipande 12 vilivyo sawa, basi. Mwambie mpiga udi apige maqamu ya Rast ya C kwenye gita hilo. Akifika sauti ya tatu atakwama, kwa kuwa sauti hiyo imekaa kati ya E na E flati, mahali pasipo na freti. Wala si kwamba ala yenyewe haifai. Omar Khorshid wa Misri alipiga gita la umeme nyuma ya Umm Kulthum na Abdel Halim Hafez, na watu wakaridhika.

Fundi anaweza kung'oa freti zote. Atapata utamu wa udi, ila sauti itakufa upesi na kordi za nyuzi sita zitamtesa mpigaji. Mimi napendelea kuongeza freti chache tu. Freti moja kati ya ya kwanza na ya pili inatoa ile E ya Rast kwenye uzi wa nne na pia B yake kwenye uzi wa tano. Nyingine kati ya ya tatu na ya nne inatoa B kwenye uzi wa tatu. Maqamu ya Bayati ya D nayo inaipata E yake kwenye ile freti ya kati ya ya kwanza na ya pili.

Sasa vipimo. Uzi ukiwa wa milimita 648 kutoka mfupa wa juu hadi darajani, freti ya kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka mfupani na ya pili 70.7. Ile ya katikati, kwa hesabu, ni 53.8. Lakini hesabu haimalizi kazi. Sauti ya tatu ya Rast haikai pahali pamoja kwa watu wote. Waturuki huipandisha zaidi kuliko Wamisri. Hapo kila milimita ina uzito: ukiisogeza freti milimita tatu, sauti huhama karibu sehemu moja ya kumi na moja ya nusu sauti, na sikio la taarab hulisikia hilo. Basi mteja aje na udi wake, apige, fundi apime anapokiweka kidole. Msumeno ungoje.

Kuhusu mbao nitakuwa mfupi. Shingo iwe ya mninga, maana husinyaa kidogo sana, na hewa yetu ya masika haina huruma. Ubao wa vidole uwe mpingo. Una mafuta, kwa hiyo upanguswe kwa spiriti kabla ya gundi. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC cha kuvuna mpingo mwaka 2009, hivyo hakuna sababu ya kununua wa magendo. Mwili uwe wa mfenesi uliokauka sawasawa. Mbao kuukuu ni bora zaidi: Brian May, mpiga gita wa bendi ya Freddie Mercury wetu wa Shangani, alianza kutengeneza gita lake na baba yake mwaka 1963, shingo wakaichonga kutoka mbao za meko ya zamani. Ila kipande cha mlango wa Mji Mkongwe kilichong'olewa usiku msikiguse, hata kingekuwa bure.

Freti ziwe za chuma cha pua, kwani chumvi ya bahari hula freti za kawaida. Pikapu ziwe za koili mbili zilizozungushwa kinyume, kama Seth Lover alivyobuni mwaka 1955, ili mvumo wa hezi 50 ujifute wenyewe.  Tundu la nyaya livikwe karatasi ya shaba, na waya mmoja ulehemiwe hadi darajani.

Naviomba vikundi vya taarab viwaruhusu mafundi kukaa kwenye mazoezi yao. Na fundi asipokee arbuni kabla hajamsikia mteja akipiga.