Kabla ya Kuwasha Jiko la Peleti



Jiko la kuchomea nyama kwa peleti, lililobuniwa Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, hutumia vitu viwili: umeme, na punje za unga wa mbao ulioshindiliwa. Parafujo husukuma punje hizo hadi motoni na feni hupuliza. Umeme ukikatika, vyote husimama.

Siku ya kwanza msipike chochote. Liwasheni likiwa tupu, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza, ili mabaki ya mafuta ya kiwandani yaungue.

Kwa moto mdogo, tarajieni nusu kilo hadi kilo moja kwa saa. Moto mkali, upepo na baridi huweza kuongeza matumizi maradufu. Basi pimeni wenyewe kabla ya kuamini maneno ya muuzaji.

Tunalolihofia zaidi ni unyevu. Peleti iliyolowa hufura, ikarudi kuwa unga na kuziba parafujo, na kuikwamua ni adha kubwa. Mfuko uliofunguliwa uhifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko. Msinunue peleti za kupashia nyumba joto, kwani baadhi yake hutokana na mbao zisizofaa kwa chakula.

Na jiko likae nje daima, hata mvua ikinyesha: kaboni monoksidi haina harufu, ijapokuwa nyama inanukia vizuri.