Klabu ni Amana, si Bidhaa



Tarehe 27 Agosti, 2019, wakazi wa Bury, mji wa viwanda ulio karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza, walikwenda na mifagio katika uwanja wao wa Gigg Lane. Walifagia na kupangusa viti, wakitumaini kwamba mnunuzi atapatikana kabla ya muda uliowekwa kwisha, na timu itacheza Jumamosi. Usiku wa siku hiyo hiyo klabu yao ikafukuzwa katika Ligi. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1885, na ambayo ilitwaa Kombe la FA mwaka 1900 na mwaka 1903, ikawa haina ligi ya kuchezea.

Yafaa kuuliza: klabu hiyo ilikosa nini? Haikushindwa uwanjani. Miezi michache kabla ya hapo timu ilikuwa imepanda daraja, ingawa wachezaji na wafanyakazi walicheleweshewa mishahara. Kilichoiangusha ni umilikaji. Chini ya mwenye klabu wa awali matumizi yalizidi mapato, na uwanja ukawekwa rehani. Desemba 2018 klabu ikauzwa kwa pauni moja tu. Mnunuzi aliachiwa kuichukua bila ya kuthibitisha kwanza kwamba anazo fedha za kuiendesha. Baadaye alikiri hadharani kwamba hapo zamani hakujua hata kama Bury ina timu ya mpira. Katika mikono ya mtu wa namna hiyo ndimo ilimowekwa kazi ya vizazi vinne.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maradhi ya klabu maskini. La hasha. Jirani yake, Manchester United, ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli. Mwaka 2005 ilinunuliwa na familia ya Glazer ya Marekani kwa kiasi cha pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo, na mzigo mkubwa wa mkopo huo ukatwishwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Tangu hapo sehemu ya mapato ya viingilio, jezi na televisheni ikawa inakwenda kulipa riba. Maana yake ni kwamba mshabiki aliyekata tiketi alisaidia kulipa gharama za kununuliwa kwa klabu yake mwenyewe, naye hakuulizwa wala hakupewa kura.

Kwa nini mtaji mkubwa huuthubutia mchezo huu? Sababu ni moja. Mnunuzi wa sabuni akipunjwa huhamia duka la pili. Mshabiki hahami. Timu aliirithi kwa baba yake, na atawarithisha wanawe. Uaminifu huo ndio rasilimali inayonunuliwa, na mwenye kuutoa hapati hata senti moja ya bei.

Haisemwi hapa kwamba fedha ni haramu. Timu haiendi kwa nyimbo. Wachezaji hula, na nyasi za uwanja hukatwa kwa mshahara wa mtu. Swali ni nani mwenye amri, na deni likija ni nani atakayelibeba.

Mataifa mengine yamejibu swali hilo. Ujerumani, tangu mwaka 1998, huweka kanuni kwamba wingi wa kura katika klabu ubaki kwa wanachama, isipokuwa kwa klabu chache zilizoruhusiwa. Uingereza ilichelewa. Aprili 2021 klabu zake kubwa sita zilipotangaza kujiunga na ligi ya matajiri, ambamo waasisi wasingeshuka daraja, washabiki waliandamana, na katika siku mbili zote sita zikajitoa. Mwaka 2025 Bunge lao likapitisha sheria iliyounda chombo huru cha kukagua wamiliki na asili ya fedha zao. Huko Bury, uwanja ulikombolewa mwaka 2022 kwa michango ya washabiki na msaada wa serikali, na mwaka 2023 jina la Bury likarudi uwanjani katika daraja la chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao wamejenga ukuta.

Jambo hili halikuishia Ulaya. Hapa Tanzania, mwaka 2017, wanachama wa Simba walikubali klabu yao iingie katika mfumo wa hisa, na utaratibu uliowekwa nchini unataka wanachama wabaki na asilimia 51. Kanuni hiyo ni njema. Lakini asilimia 51 haina nguvu ikiwa rejista ya wanachama haijulikani ilipo, ikiwa hesabu zilizokaguliwa hazisomwi mkutanoni, na ikiwa hati za majengo hazijulikani ziko kwa nani.

Kazi hiyo haihitaji tajiri. Yahitaji watu wanaojua kusoma katiba na mizania, na kuuliza bila ya woga. Walimu na watumishi wa umma ndio wenye ujuzi huo katika matawi mengi. Wakikaa kimya siku ya mkutano mkuu kwa sababu timu imeshinda Jumapili, wasishangae siku watakapoitwa kuja na mifagio.