Kwa Nini Ndege ya Bi. Markham Ilizama Topeni
(Maneno yaliyosemwa na mmoja wetu, fundi wa ndege, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya ajali za ndege ndogo zinapotua. Nimechagua moja tu, ya tarehe 5 Septemba 1936, kwa sababu ndege ile ilikuwa na namba ya Kenya, VP-KCC, na rubani wake, Bi. Beryl Markham, alikulia Njoro.

Jioni ya tarehe 4 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akikusudia New York. Ndege ilikuwa Percival Vega Gull, ya mbao, injini moja, bila redio. Lindbergh, mwaka 1927, alitoka Marekani kwenda Ulaya, upepo mwingi ukimsukuma mgongoni. Huyu alikwenda kinyume, upepo ukimpiga usoni usiku kucha. Ndiyo maana matangi ya ziada yaliwekwa hata ndani, wanapokaa abiria.

Baada ya zaidi ya saa 20, nchi ya Kanada imekwisha onekana, injini ikaanza kukohoa. Lawama iliangukia barafu iliyoziba tundu la kuingizia hewa katika tangi.

Vijana wa Kidato cha Pili, tegeni masikio. Mmepata kumimina mafuta ya kula kutoka debe lililotobolewa tundu moja? Hutoka kwa kigugumizi, kisha hugoma. Mama akitoboa la pili, yanatiririka. Petroli nayo haitoki tangini hewa isipoingia kushika nafasi yake. Tangi laweza kuwa na mafuta, injini ikafa kwa njaa.

Ndege isiyo na injini ni kama mwewe asiyepiga mbawa: lazima ishuke, na kasi isipungue mno, la sivyo mbawa zinaacha kuibeba. Akaishusha karibu na Baleine, kisiwa cha Cape Breton. Ardhi ile ilikuwa kinamasi. Magurudumu yakanaswa, mwili wa ndege ukaendelea mbele, pua ikachimba tope, mkia ukanyanyuka. Mtu akijikwaa mguu, kichwa hutangulia. Ni kanuni ileile. Bibi akatoka na jeraha la kichwa, akitembea kwa miguu yake.

Wako wanaosema alishindwa, kwa kuwa New York hakuifikia kwa ndege ile. Mimi sikubali. Hakuna mwanamke aliyepata kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi kabla yake. Wengine husema ni bahati. Bahati ilikuwamo, maana tope ni laini kuliko mwamba. Lakini kuishusha ndege iliyozimika, mtu hajalala usiku mzima, hiyo ni kazi ya mikono.

Baadaye alirudi Kenya, akafundisha farasi wa mashindano, akafariki Nairobi mwaka 1986. Debe nimelileta, liko pale mlangoni pamoja na msumari. Mwenye swali ajongee.