Motokaa Kuukuu na Saa ya Cheche

Leo nataka kunena nanyi habari za motokaa kuukuu za petroli aina ya Land Rover, ambazo za kwanza zilionyeshwa kwa watu mwaka 1948. Nyingine zingali zikifanya kazi katika Afrika ya Mashariki. Kwa watu wa Lingeka na Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, motokaa ya namna hii yafaa sana. Udongo mweusi wa mbuga hunata kama ulimbo wakati wa masika, na wakati wa kiangazi hutimka vumbi jembamba kama unga. Motokaa hii yaweza kuchukua pamba mchana, na usiku ikamfikisha mgonjwa hospitali. Basi ikikataa kuwaka, si fedha tu ipoteayo.

Injini hutaka mambo matatu: hewa iliyochanganywa na petroli kwa kiasi chake, cheche yenye nguvu, na cheche hiyo ije kwa saa yake. Kabureta ndiyo ichanganyayo, distributa ndiyo igawayo cheche. Injini ya silinda nne izungukapo mara 3,000 kwa dakika, hutaka cheche 6,000. Mmewaona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja: huyu apandisha mchi, yule ateremsha. Mmoja akiwahi kidogo tu, michi hugongana. Akichelewa, kazi haiendi. Ndivyo ilivyo cheche na pistoni.

Cheche ikiwahi mno, injini hugonga-gonga motokaa ipandapo kilima, na mtu aizungushaye kwa hendeli aweza kupigwa akavunjika mkono. Kwa hiyo kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, na hendeli ivutwe kwenda juu, isisukumwe kwenda chini. Cheche ikichelewa, injini hukosa nguvu, hupata joto jingi, na bomba la moshi hulia kama bunduki.

Wengi hukimbilia kufungua kabureta. Hii si njia njema. Dalili za cheche mbaya hufanana na za kabureta mbaya, lakini cheche hupimwa upesi zaidi. Basi fuateni utaratibu huu.

Kwanza, toeni plagi mzitazame. Masizi makavu meusi yaonyesha kwamba petroli imezidi. Weupe kama chokaa waonyesha kwamba hewa imezidi au cheche haiji kwa saa yake. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Kwa injini ya lita 2.25, iliyoanza kutumiwa mwaka 1958, nafasi ya plagi ni milimita 0.75 hadi 0.80.

Pili, fungueni kifuniko cha distributa mtazame pointi. Zikiwa wazi kabisa, nafasi yake iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino cha pointi husagika kidogo kidogo. Nafasi hupungua, na cheche huchelewa bila mtu kuigusa. Ndiyo sababu pointi hurekebishwa kabla ya saa ya cheche. Mtu atengenezaye saa kwanza, kisha akagusa pointi, amebomoa alichojenga.

Tatu, saa yenyewe. Zungusheni injini polepole mpaka alama ifike mahali pasemwapo na kitabu cha motokaa, na rota ielekee waya wa silinda ya kwanza. Fungeni balbu ndogo kati ya nyaya mbili: mmoja uguse mahali waya mwembamba uingiapo katika distributa, wa pili uguse chuma cha injini. Washeni swichi. Legezeni distributa, mwizungushe kidogo upande ule izungukao rota, mpaka balbu izime. Kisha irudisheni polepole mpaka balbu iwake. Papo hapo kazeni. Nyaya za plagi hufuata utaratibu wa 1, 3, 4, 2.

Kama shida ingaliko, sasa ndiyo zamu ya kabureta. Vumbi na maji hutuama katika bakuli lake, yasafisheni. Vitundu vya jeti pulizeni kwa pampu ya baiskeli, msivichokoe kwa waya, maana kitundu kikipanuka petroli itazidi daima. Tazameni gasketi pia: hewa ikiingia kwa ufa, injini haitulii na kabureta hupiga chafya. Tena, Ziwa Viktoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Simiyu iko juu kuliko ziwa. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hata motokaa iliyorekebishwa pwani yaweza kutoa moshi mweusi huku. Chujio la hewa likijaa vumbi huleta dalili ile ile. Basi mafuta yake yabadilishwe mara kwa mara.

Nawaonya jambo moja. Msimimine petroli kinywani mwa kabureta wakati injini ikiwashwa, wala msifanye kazi hii karibu na taa ya moto. Moto ukirudi nyuma mara moja tu, motokaa huteketea na mtu pia.

Nanyi wanafunzi, shikeni kanuni hii: anzeni na lililo rahisi, badilisheni jambo moja tu kisha mjaribu, na kila mlilotenda liandikeni. Abadilishaye mambo matatu pamoja, hata motokaa ikiwaka, hajui ni lipi lililoiponya. Na siku itakapozimika tena njiani, ataanza upya gizani.